Heike Monogatari: samurai mikononi mwa mpiga nyuzi

Mpiga udi akitazama filamu yenye mtu anayepiga nyuzi, jicho lake huenda mikononi kwanza. Mimi nimezoea kuudhika. Vidole vinachezacheza hovyo juu ya shingo ya ala, mkono wa kulia unapanda na kushuka bila mpango, na mlio unaosikika hauna uhusiano wowote na kinachoonekana. Kwa hiyo mpwa wangu aliponiambia, "Mjomba, kuna anime ya samurai, ndani yake mna mtoto mwenye kitu kama udi wako," nilikaa kitako kwa ajili ya kitu hicho. Samurai sikuwa na haja nao.

Anime hiyo, yaani filamu ya katuni ya Kijapani, ni Heike Monogatari, ambayo kwa Kiingereza imepewa jina la The Heike Story. Imetengenezwa na studio ya Science Saru chini ya uongozi wa Naoko Yamada, ikaanza kuoneshwa mtandaoni Septemba 2021 kabla ya kuingia kwenye televisheni ya Japani Januari 2022. Ina sehemu 11 tu, kila moja haifiki nusu saa. Nimemaliza tatu za mwanzo, na haya ni maoni ya mtu aliyefika hapo. Mwisho wa kisa wenyewe hauna siri: ulitokea mwaka 1185, na Wajapani wamekuwa wakiusimulia tangu wakati huo.

Niianze na ala, maana ndiyo iliyonishika. Biwa, ndiyo hiyo ala ya mtoto, ina nyuzi nne, tumbo bapa, shingo fupi na kichwa kilichokunjwa kurudi nyuma, sawa na udi. Lakini haipigwi kwa risha, kile kijiti cha kupigia nyuzi, nyembamba kama yetu. Hupigwa kwa bachi, kipande cha mbao ngumu, kipana sana mwishoni, na kikishuka hugonga uzi na ubao kwa pamoja, hivyo kila noti inakuja na kishindo chake. Juu ya shingo mnasimama vijiti vya mbao, na mpigaji hubonyeza uzi katikati ya kijiti na kijiti, akikaza au akilegeza ili sauti ipande au ishuke. Uzi unapogusa upana wa kijiti hutoa mvumo wenye mikwaruzo. Kwetu, mwanafunzi akitoa mlio ule mwalimu atamwambia asimame aangalie nyuzi zake. Kule, mvumo ule ndio utamu wenyewe, na mpigaji huutafuta.

Undugu wa ala hizi mbili ni wa kweli. Zote zinarudi kwa barbat ya Uajemi. Tawi moja lilikwenda kwa Waarabu likawa udi, na kutoka huko likatufikia sisi watu wa taarabu. Tawi jingine likapita Asia ya Kati na China, likafika Japani likawa biwa. Katika hazina ya Shosoin, mjini Nara, imehifadhiwa biwa ya nyuzi tano ya karne ya 8, na pale panapopita risha pametiwa nakshi ya magamba ya chaza: mtu juu ya ngamia, anapiga ala ya aina hiyohiyo. Ngamia, ndani ya Japani! Niliposikia bachi ya kwanza katika anime hii nilihisi kama nimetambulishwa kwa ndugu wa babu ambaye hakuna aliyewahi kunitajia.

Sasa kisa. Mtoto wa kike anayeitwa Biwa, kama ala yenyewe, anatembea mjini Kyoto na baba yake, kipofu anayejitafutia riziki kwa kupiga na kusimulia. Mji uko mikononi mwa ukoo wa Heike, uitwao pia Taira. Mkuu wa ukoo, Taira no Kiyomori, amesambaza vijana waliovaa mavazi mekundu na kukatwa nywele fupi, kazi yao kuzunguka mitaani kusikiliza nani anasema nini juu ya wakubwa. Simulizi za kale zinasema walikuwa 300. Mtoto anaropoka neno, kama watoto wanavyoropoka. Anayelipa ni baba.

Tukio lile ni fupi, na limenikaa kichwani kuliko mapigano marefu niliyowahi kuyaona kwenye anime nyingine. Halina muziki wa kutuambia tuhuzunike. Mtu aliyekuwa na sauti sasa hana, na ala yake imebaki chini. Hapo niliacha kuchunguza vidole nikaanza kuwaogopea watu.

Biwa ana jicho moja linaloona yajayo. Anaingia katika jumba la Heike huko Rokuhara, anakutana na Shigemori, mtoto mkubwa wa Kiyomori, na anamwambia wazi kwamba ukoo wake utaangamia. Kumbe Shigemori naye ana jicho lake: linaona wafu. Badala ya kumfukuza, anamchukua kumlea pamoja na wanawe Koremori, Sukemori na Kiyotsune. Basi nyumba moja ina mtu anayewaona waliokwisha kufa na mtoto anayewaona watakaokufa, na wote wawili wanakaa kula, kucheza na kuzungumza na watu walewale. Binti huyu hayumo katika simulizi la kale. Ametungwa kwa ajili ya anime, na naona mtungaji amefanya kazi kubwa. Samurai wengi tuliozoeshwa huoneshwa kwa jicho la mwenye upanga. Hapa tunawaona kwa jicho la yatima wa mpiga ala, ambaye ana kila sababu ya kuwachukia, na taratibu anaanza kuwapenda. Kila mara wale vijana wanapomtania na yeye anacheka, moyo wangu unashtuka, kwa sababu najua anachokijua.

Ili usipotee, chukua historia kidogo. Kabla ya watu hawa, samurai walikuwa watumishi wa mabwana wa ikulu, watu wa kutumwa kupigana kisha kurudi mlangoni. Vita viwili vifupi ndani ya mji mkuu, mwaka 1156 na mwaka 1159, viliwapandisha Heike. Mwaka 1167 Kiyomori alipewa cheo cha waziri mkuu wa dola, cheo ambacho hakuna mtu wa upanga aliyekipata kabla yake. Shemeji yake mmoja, Tokitada, anakumbukwa kwa kujigamba kwamba asiye wa Heike si mtu, na maneno hayo ndiyo jina la sehemu ya kwanza. Ukishalisikia jigambo hilo, huhitaji jicho la ajabu kuona linakoelekea.

Kiyomori mwenyewe amenivutia mno. Nilitarajia jitu la kunguruma, nikapewa mzee mwenye kichwa kilichonyolewa, mcheshi, mwenye kupenda mambo mapya, anayewauliza watu kama jambo fulani si la kufurahisha. Tesshō Genda amempa sauti nzito yenye kicheko ndani yake. Unampenda dakika moja, kisha anatoa amri na unaelewa kwa nini mji mzima unanong'ona. Mfano ni ule mkasa wa mwaka 1170. Mjukuu wake Sukemori, akiwa njiani na wenzake, anakutana na msafara wa mdhamini wa mfalme, bwana anayetawala kwa niaba yake, na hashuki chini kutoa heshima. Watumishi wa bwana yule wanamshusha kwa nguvu. Kiyomori analipiza: wafuasi wa bwana wanavamiwa na kukatwa mafundo ya nywele zao hadharani, fedheha kubwa kwa mwanamume wa zama zile. Shigemori, badala ya kushangilia kwamba mwanawe amelipiziwa, anamwadhibu mwanawe kwa kumpeleka Ise, mbali na mji mkuu. Katika dakika chache unamjua babu, baba na mtoto, na unajua nyumba itapasukia wapi.

Tena kuna bahari. Mimi mtu wa Unguja, siwezi kuliacha hili. Kiyomori aliweka makazi Fukuhara, mahali ambapo leo ni Kobe, akaendeleza bandari kwa biashara na China ya Song, na alikuwa mfadhili mkubwa wa hekalu la Itsukushima lililojengwa juu ya maji. Watu wa ikulu walikuwa wakiangalia milima ya Kyoto na kutunga mashairi. Yeye aliangalia maji akaona majahazi. Wachoraji wanaijua tofauti hiyo. Rangi za mji ni za ndani, zimetulia, mistari ni myembamba na nafasi nyingi zimeachwa tupu. Bahari inapoingia, picha inafunguka. Maumbo ya watu yalibuniwa na Fumiko Takano, mchoraji mkongwe wa vitabu vya katuni, na nyuso zake ni rahisi, hazina yale macho makubwa yenye nyota. Kila mahali kuna maua na vipepeo, na kipepeo ndiyo nembo ya ukoo wa Taira.

Sehemu ya pili ndiyo iliyonigusa kama mtu wa kazi ya muziki. Kuna kisa cha Gio na Hotoke, wanawake wacheza ngoma wa kundi lililoitwa shirabyoshi, waliokuwa wakicheza na kuimba wamevaa mavazi ya kiume, kofia ndefu na upanga kiunoni. Gio ndiye kipenzi cha Kiyomori. Anakuja Hotoke, kijana zaidi, anataka nafasi ya kuonesha kipaji chake, na anayemwombea aingie ni Gio huyohuyo. Kiyomori anamsikiliza Hotoke, anamtaka, na Gio anaambiwa aondoke. Baadaye anaitwa arudi kumtumbuiza Hotoke, aliyechukua nafasi yake.

Nimekaa nyuma ya waimbaji wengi kwenye harusi na hafla za wenye uwezo. Nimeona mama aliyetunzwa mpaka noti zikamwagika miguuni pake, msimu uliofuata hakualikwa tena, na aliyemwalika alikuwa akimpita njiani bila salamu. Hakuna upanga katika kisa cha Gio. Kuna mtu mwenye mali anayebadilisha matamanio, na wasanii wawili ambao hawana ugomvi baina yao lakini wamefanywa wagombane. Anime inawapa wanawake hawa heshima: hawapigani, wanatazamana na kuelewana, na mwisho wake wanachagua njia yao wenyewe mbali na jumba. Na anayekitafakari kisa hiki ni Tokuko, binti ya Kiyomori, ambaye baba yake anampeleka kuolewa na Mfalme Takakura ili damu ya Heike iingie kwenye kiti cha enzi. Tokuko anaelewa vizuri kwamba yeye na Gio wamo katika jumba moja. Saori Hayami anamtolea sauti ya upole ambayo haina unyonge hata kidogo. Kati ya watu wote wa sehemu hizi tatu, huyu ndiye nitakayemfuata mpaka mwisho.

Nina malalamiko, tena si madogo.

La kwanza ni mwendo. Simulizi la Heike ni bahari. Liliimbwa na vipofu wapiga biwa kwa vizazi, na nakala inayojulikana zaidi, ya bingwa Kakuichi, iliandikwa mwaka 1371. Kulibana katika sehemu 11 kunalazimu kuruka. Mwaka 1170 unapita, harusi inapita, na katika sehemu ya tatu tayari tuko 1177, njama ya Shishigatani, watu wa ikulu wamekaa wanakula njama ya kuwaangusha Heike, bila mtu kutuambia kwamba miaka imekatika. Biwa hakui, kwa hiyo ukimtazama yeye utadhani ni mwezi uleule. Watazame watoto wa Shigemori: kimo chao ndiyo kalenda yako.

La pili ni majina. Heike na Taira ni ukoo mmoja. Genji na Minamoto, mahasimu wao, nao ni ukoo mmoja. Kisha wanaume wengi wa Heike wana "mori" mwishoni mwa majina yao, na wengine huitwa kwa cheo. Chukua karatasi, chora mti: Kiyomori juu, chini yake Shigemori na Tokuko, chini ya Shigemori wale wanawe watatu. Hao sita, pamoja na mfalme mstaafu Go-Shirakawa anayepanga mambo nyuma ya pazia, watakutosha kwa kuanzia.

La tatu ni maandishi ya chini. Kiswahili hakimo, utasoma Kiingereza, na kwa mazungumzo ya kawaida hapana tabu. Tabu inakuja pale Biwa mtu mzima anapotokea. Kila mara kisa hukatika, tunamwona mwanamke mwenye nywele nyeupe, macho yamefumba, anapiga na kuimba maneno ya simulizi la kale. Maandishi hukimbia, ukiyafuata humsikii yeye. Ushauri wangu ni uyaache. Aoi Yūki, aliyemtolea sauti Biwa mtoto mkorofi, ndiye pia anayeimba pale, na ni vigumu kuamini kwamba koo ni moja. Anaanza chini kabisa, anaburuta silabi, anaikunja, kisha bachi inashuka na neno linakatwa. Anaacha kimya kirefu baada ya pigo. Sisi tunaujua ubora wa mwimbaji kwa jinsi anavyopumua kabla ya kurudi kwenye kibwagizo. Yule dada anapumua mahali panapostahili. Na mikono, nashukuru kusema, imechorwa na mtu aliyekaa akamtazama mpigaji halisi.

Muziki uliobaki ni wa Kensuke Ushio, na hapo nimegawanyika. Anatumia piano na mitambo ya kisasa, na wimbo wa ufunguzi, Hikaru Toki wa kundi la Hitsujibungaku, ni magitaa ya umeme na sauti nyepesi ya msichana. Huo naupenda sana. Hawakujaribu kutengeneza ukale wa bandia, wameimba kama watu wa leo wanaoomboleza watu wa jana. Ila katikati ya kisa kuna mahali mitambo inavuma ambapo ningetaka uzi mmoja na kimya. Mpigaji wa biwa yupo ndani ya hadithi. Kwa nini asiachiwe yeye?

Watu wa mwambao tuna sababu yetu ya kuielewa kazi hii haraka. Simulizi la Heike hufunguliwa kwa kengele ya hekalu inayotangaza kwamba hakuna kinachodumu, na kwa maua yanayosema kwamba aliyestawi hana budi kuanguka. Aliyelelewa na utenzi wa Al-Inkishafi ataijua sauti hiyo papo hapo. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliitazama Pate, majumba ya matajiri waliokuwa na taa na vyombo vya China, akawaona popo wananing'inia pale walipokuwa wakilala mabwana. Hakuna aliyemsoma mwenzake. Mmoja alikuwa Mwislamu wa pwani yetu anayeiasa nafsi yake, wengine walikuwa vipofu wa Kibudha waliokuwa wakiwatuliza wafu wa vita. Lakini wote wawili wanayapenda yale majumba. Wanataja hariri, rangi, harufu, wanakuonesha uzuri wote kabla ya kukuonesha magofu. Yamada naye anafanya hivyo. Ametupa sehemu tatu za nyumba yenye watoto, fluti ya Kiyotsune, nguo za sherehe, vichekesho vya ndugu, na tayari kila kitu kinauma.

Kwa hiyo, nani aitazame? Kijana anayetaka damu na mbio atachoka, mapigano katika sehemu hizi ni machache. Watoto wadogo wasikalishwe mbele yake, ule mkasa wa mwanzo ni mzito. Anayependa tenzi, historia, au muziki wa nyuzi asikose. Ipo kwenye mtandao wa Crunchyroll, na aliyebanwa na bando ajue kwamba sehemu moja ni fupi kuliko kipindi kimoja cha mechi ya mpira. Na kwa wenzangu tunaofundisha udi: pale mwenye nywele nyeupe anapotokea kwa mara ya kwanza, simamisha hapo, warudishie wanafunzi mara mbili, uwaulize kati ya pigo la kwanza na la pili amehesabu ngapi. Mimi swali hilo nimeshalipeleka darasani, na bado wanabishana.